Tupeane uzoefu: ulimwelewesha vipi mtu wa nyumbani jambo la kisayansi, akakuelewa?

Mwenye uzi, Mbagala

Habari za jioni wakuu. Hapa mjini nimechoka kuona kitu kimoja: mtu akisema degedege ni shetani, anachekwa, anaitwa mshamba, mjadala umeisha. Aliyechekwa hajajifunza kitu. Ananyamaza, na mwanawe akiugua anampeleka kule ambako hawamcheki. Naamini mtu huelewa akielezwa kinachotokea hatua kwa hatua, tena na mtu anayemheshimu. Naomba visa vya kweli: ulikuta imani gani, ulisema nini, ukajibiwa nini.

Naanza. Mama mkwe wangu kwao Rufiji. Mjukuu wake alishinda na homa, usiku akakakamaa, macho yakageuka juu, mate yakamtoka. Mama akashika mlango: "Sindano hapana. Mwenye degedege akichomwa sindano anakufa."

Nikamuuliza, "Mama, waliokufa hivyo umewahi kuwaona?" Akanitajia wawili wa kijijini kwao. Sikubisha, maana aliwaona kweli. Nikauliza walifikishwa hospitali lini. Akafikiri kidogo, akasema walifukizwa kwanza kinyesi cha tembo, iliposhindikana ndipo wakabebwa. Nikamwambia, "Basi mama, walifika malaria imeshapanda kichwani. Sindano iliwakuta wameshazidiwa." Akaniangalia, akasema, "Lete kanga tumfunike, twende." Tukachukua bajaji. Kupimwa, malaria. Mtoto akatibiwa, yupo.

Mama bado anaamini mashetani yapo, na sijamuomba aache. Ila jirani akija na mtoto wa degedege, yeye ndiye wa kwanza kusema hospitali kwanza, mengine baadaye.

Nesi mstaafu, Temeke

Umefanya vizuri kuuliza walifika lini. Wengi tunaanza na kukataa alichokiona mtu kwa macho yake, hapo umeshampoteza.

Niongeze la kitaalamu. Degedege ya homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi inakoma yenyewe kabla ya dakika 5. Sasa fikiria: hirizi inafungwa dakika ya pili, dakika ya tatu mtoto katulia. Nani atamshawishi mama yule kwamba si hirizi? Mimi nilikuwa nawaambia hivyo hivyo, kwa saa ya ukutani: ingetulia hata bila kufungwa kitu, lakini homa iliyoileta bado imo mwilini, na inaweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Mlazeni ubavu, legezeni nguo, msimtie kijiko wala chochote mdomoni, muwahisheni hospitali.

Na hirizi ya mtoto sikuwahi kuivua. Niliwahi kuona mama aliyevuliwa hirizi ya mwanawe wodini kwa maneno makali. Usiku huo huo aliondoka na mtoto. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Maabara, Gongo la Mboto

Kwangu ni kipimo cha malaria cha haraka. Mtu anakuja, "Nina malaria, najijua, magoti yakiuma hivi ni yenyewe." Kipimo kinasema hamna, anasema kibovu. Siku hizi nampa kiti akiangalie mwenyewe. Natia tone la damu, natia dawa yake, tunasubiri. Namwonyesha: mstari huu wa C ukitokea, kipimo ni kizima. Huu wa T ukitokea, ni malaria. Akishauona C kwa macho yake na T haupo, swali linabadilika: "Sasa ninaumwa nini?" Hapo daktari anapata mgonjwa wa kumsikiliza.

Mwalimu, Kigamboni

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018, wasichana wa miaka 14. Wazazi wakasema inafunga uzazi. Tulieleza kikaoni tukachoka. Aliyewageuza ni mama mmoja aliyemuuguza dada yake pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Alisimama akaeleza alichokiona kule, akakaa. Sisi hatukuongeza neno.

Mdau, Kariakoo

Natofautiana kidogo. Mnazungumza kana kwamba mganga hana lolote. Dawa ya mseto ya malaria mnayotupa, sehemu yake imetokana na jani la mitishamba la Wachina.

Nesi mstaafu, Temeke

Ni kweli mwanangu, na ni hoja nzuri. Aliyeitoa dawa hiyo kwenye jani ni Tu Youyou, mtafiti wa China, akapata tuzo ya Nobel 2015. Alisoma kitabu cha kale cha tiba, akaona kinasema jani liloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, hakisemi lichemshwe, akahisi moto ndio ulikuwa unaharibu dawa. Akaitoa kwa joto dogo, akaijaribu kwa wanyama, halafu mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mganga wa kale aliheshimiwa kwa kusikilizwa, na kauli yake ikapimwa. Mganga wa leo akikubali jani lake lipimwe namna hiyo, nitakuwa wa kwanza kumshangilia.

Mdau, Kariakoo

Hapo nimekuelewa mama. Sikujua kwamba waliinywa wenyewe.

Mpangaji, Sinza

Mdogo wangu alikuwa anakabwa na jinamizi, anaona mtu kamkalia kifuani. Nilimweleza kwamba ukiota, ubongo unalegeza misuli usije ukarusha mateke, na wakati mwingine unaamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Bado linamtokea, ila amerudi kulala chumbani kwake.

Maabara, nina swali. Mama yangu amemaliza dozi ya mseto wiki iliyopita na hana homa, lakini kipimo bado kinaonyesha malaria. Anasema dawa ni feki.

Maabara, Gongo la Mboto

Si lazima iwe feki. Vipimo vingi vya haraka vinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mpeleke apimwe kwa darubini, waangalie kama vimelea vyenyewe vipo. Na akipandwa na homa tena, usisubiri, mpeleke siku hiyo hiyo.