Mzee wangu anasikia vizuri ila maneno haelewi, naombeni ushauri

mwana_muheza: Wakuu habari. Mzee ana miaka 67, ukimwambia lete kijiko anakuletea kandambili, ila kijiko chenyewe ukimpa anakunywea uji vizuri tu. Kuongea anaongea sana, tatizo hayashikani, jana kasema nimpe "shombe ya kufungulia mchana" na kakasirika nilivyomshangaa. Masikio mazima, pikipiki ikipita anageuka. Kuna dawa ya kurudisha kumbukumbu?

babu_kijiwe: Uzee huo mkuu. Bibi yangu alikuwa ananiita jina la marehemu mjomba mpaka tunamzika. Mpe asali na habasoda.

nesi_wa_zamu: Ilianza pole pole au ghafla?

mwana_muheza: Ghafla dada. Alilala mzima akaamka hivyo, wiki ya tatu sasa. Sikusema kwa sababu hajapooza, mdomo haujapinda, na Alhamdu anaisoma mpaka mwisho bila kukosea, ndugu wakasema katupiwa jini tukampeleka akasomewe.

nesi_wa_zamu: Wiki tatu jamani! Hiyo dalili kubwa ya kiharusi. Kuna sehemu ya ubongo upande wa kushoto, usawa wa sikio kwa nyuma, daktari wa Kijerumani Carl Wernicke aliieleza tangu 1874, damu isipofika pale sauti mtu anaisikia ila maana haiji, na mkono na mguu vinaweza kubaki vizima kabisa ndo maana wengi wanaitwa vichaa. Apigwe CT scan ya kichwa, apimwe presha, sukari na moyo, kiharusi cha pili kinaweza kumfuata.

mpemba_halisi: Asahau kijiko akumbuke Alhamdu? Chai hii, tena haina hata tangawizi.

nesi_wa_zamu: Sio chai. Ulichokariri tangu utoto mara nyingi kinabaki, nimeuguza mtu hajui neno "maji" ila wimbo wa kanisani anaimba wote. Mleta uzi, hela ya kipimo unayo?

mwana_muheza: Ipo. Tumeuza shamba la minazi, mzee kaweka dole gumba juzi.

mpemba_halisi: Dole gumba? Mtu asiyejua kijiko kajua "kuuza"?

mwana_muheza: Nilimuuliza mara tatu akaitikia kwa kichwa, mashahidi wapo. Hela ni ya matibabu yake sijala hata mia, kaka zangu hawatumi kitu mlitaka nifanyeje??

nesi_wa_zamu: Hakuna anayekuita mwizi mdogo wangu. Ila wagonjwa hawa wanafuata uso wako na sauti yako, ukiuliza kwa upole wanaitikia. Hebu muulize kama yeye ni mwanamke, kwa sauti ile ile.

babu_kijiwe: Mkuu upo?

mwana_muheza: Nimemuuliza. Kaitikia huku anatabasamu. Mnunuzi kashaanza kufyeka, nampigia saa hii asimamishe, gari la alfajiri tunaondoka na mzee.