Barua ya kaunsili: "you may wish to" ni lazima au hiari?

Kutoka: Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleikum na habari za jioni wanajumuiya.

Nina barua ya council tax, kodi ya nyumba ya kaunsili, hapa imenitoa jasho. Mnajua napata ile SPD, punguzo la 25%, kwa kuwa mtu mzima nyumbani ni mimi peke yangu. Sasa Nasra ametimiza miaka 18, bado yuko college. Barua inasema punguzo limeondolewa, halafu chini wameandika "you may wish to provide evidence that your daughter is a disregarded person". Na bili mpya ndani ya bahasha, imepanda. Nikapiga simu, nikangoja mpaka chai ikapoa. Kijana akanisikiliza kwa upole, mwishoni akasema "leave it with me". Tangu hapo kimya.

Hiyo "may wish" ni hiari au lazima? Na wakati namngoja huyu kijana, tarehe mosi nilipe kiasi cha zamani au cha bili mpya? Mimi sina direct debit, nalipa mwenyewe.

Halafu mwanangu awe "disregarded" kwa kosa gani, jamani?

Kutoka: Chande, Coventry

Dada, pole. Wala hawajamtukana mtoto. Maana yake hahesabiwi. Kaunsili wanahesabu watu wazima waliomo nyumbani, na kuna watu sheria inawaruka: wanafunzi wa full-time, wa miaka 18 na 19 ambao mzazi wao bado anapokea Child Benefit (posho ya mtoto ya serikali), apprentice wa mshahara mdogo, na wengine. Nasra akirukwa unabaki wewe mmoja na 25% yako inarudi. Yaani hapa unaomba kwa nguvu zote mwanao awe disregarded!

"You may wish to" kwa Kiingereza cha barua za serikali ni LETA. Usipoleta shauri yako.

Kutoka: Mzee Kombo, Reading

Chande, haraka haraka hiyo. "May" ni may na "must" ni must, na mwanasheria yeyote atakwambia hivyo. Hakuna anayemlazimisha mama huyu kuleta kitu. Asipoleta anakosa punguzo, basi. Hayo ni mambo mawili.

Na umesema "wanafunzi wa full-time" kana kwamba ni jambo jepesi. Wa chuo kikuu ni lazima kozi iwe ya mwaka mzima wa masomo, angalau wiki 24, saa 21 kwa wiki. Aliye chini ya miaka 20 na anasoma A-level au mfano wake, inatosha saa 12 kwa wiki na kozi ya zaidi ya miezi mitatu. Mama Nasra, binti anasoma nini hasa? Na Child Benefit bado inaingia?

Kutoka: Chande, Coventry

Shikamoo Mzee. Mwenye bili mkononi hana faida na tofauti ya may na must. Nimefanya kazi kwenye ofisi za hapa miaka mingi, najua wanavyoandika. "We would be grateful if" ni amri. "You may find it helpful to" ni onyo. Wakifika kwenye "must" ujue barua inayofuata ni ya mahakamani.

Kutoka: Wambui, Luton

Mama Nasra usingojee huyo kijana. "Leave it with me" ni kama "I'll bear it in mind", hapo ameshakusahau. Heri angesema hapana ukajua.

Hawa watu wana upole wa kukuzunguka. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee. Juzi shosho mmoja ameteleza akaanguka, nikamkimbilia nikamwambia "sorry, sorry, sorry" vile sisi husema pole. Manager akanivuta kando: "Why are you saying sorry? What did you do?" Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa chumba na trei ya dawa! Sasa eleza mtu kwamba kwetu mtu akijikwaa barabarani hata dereva wa matatu anamwambia pole. Nikaandikishwa statement. Tangu siku hiyo mtu akianguka nauliza tu "Are you alright?", ambayo pia si swali, kwa sababu asubuhi wanakuuliza hivyo na ukianza kueleza mgongo unavyouma wanakutazama kama umevua nguo.

Kutoka: Mzee Kombo, Reading

Wambui, huyo manager wako hajui sheria. Compensation Act ya 2006, kifungu cha 2: kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Mpelekee.

Kutoka: Juma B., Aberdeen

Mzee, hiyo ni England na Wales. Sisi Scotland tuna yetu, Apologies Act ya 2016. Kila mara kwenye orodha hii mtu anaandika "sheria ya Uingereza" kana kwamba huku ni mkoa wa Reading.

Kutoka: Mzee Kombo, Reading

Wambui yuko Luton. Luton iko England. Sijaandika habari za Aberdeen.

Kutoka: Faraja, Birmingham

Bandugu, mambo ya maneno haya yalitaka kuua kaka yangu. Alipopata ILR, kibali cha kuishi hapa bila kikomo, barua ilipofika akasoma "indefinite leave", akajua tu "leave" ni kuondoka. Akakaa kitandani, hakula. Kwake ilikuwa amefukuzwa milele. Mpaka mtoto wake wa darasa la tano akamsomea mpaka mwisho: "leave to remain", ruhusa ya kubaki. Na hiyo ilikuwa 2016, wakati wa kura ya Brexit, kwenye TV kutwa Leave, Remain, Leave, Remain. Hakuelewa nchi nzima inabishana nini juu ya barua yake.

Na kura yenyewe sisi wageni hatukupiga.

Kutoka: Mzee Kombo, Reading

Wageni gani? Raia wa Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali walipiga. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Mkongo na Mrundi ndio hawakuwa na haki hiyo. Mimi nilipiga kwa pasi ya Tanzania mfukoni, na sisemi nilipiga upande gani.

Kutoka: Wambui, Luton

Tunajua upande gani, Mzee.

Kutoka: Mama Nasra, Leicester

Ahsanteni wote. Child Benefit bado inaingia, na Nasra anasoma A-level, nitatuma ile barua ya Child Benefit na barua ya college. Lakini tarehe mosi ni Jumatatu. Nilipe ipi?

Kutoka: Bi Zuhura, Milton Keynes

Mwanangu, tuma kwa Signed For, ile posta ya kusainiwa, usiwaamini na email. Au nenda nayo mwenyewe wakugongee muhuri kwenye kopi yako. Muhuri! Nasema muhuri na hapa hawana mihuri. Kwetu Unguja karatasi bila muhuri ni ya kufungia kashata. Hapa mtu anakwambia "it's on the system", wewe unaiona wapi hiyo system?

Faraja umenichekesha kisha umenihuzunisha. Jirani yangu hapa, mama mzuri tu, tangu nihamie ananiambia "you must come round for tea". Mzee Kombo anasema must ni must. Basi nilipika visheti, nikamuuliza lini. Akababaika, akatazama miguu. Kwetu mtu hakwambii karibu. Unapiga hodi, unakuta sahani. Nimekumbuka baraza ya kwa bibi, mtaa wa Vuga, baada ya alasiri, kahawa inapita na njugu, na hakuna aliyealikwa.

Kutoka: Juma B., Aberdeen

Turudi kwenye kodi. Watu wanalalamikia council tax bila kujua ilikotoka. Kabla yake kulikuwa na poll tax, kila kichwa kinalipa, na Thatcher alianza kutujaribia sisi huku 1989, mwaka mmoja kabla ya England. England walipokaribia kuionja ndipo wakafanya ghasia Trafalgar Square, Machi 1990. Council tax ikaja 1993. Na bendi za nyumba England na Scotland mpaka leo zinafuata bei ya Aprili 1991! Nyumba ya Mama Nasra inatozwa kwa thamani ya kabla hajazaliwa.

Kutoka: Mama Nasra, Leicester

Nilishazaliwa, ahsante kaka.

Kutoka: Chande, Coventry

Kodi ya kichwa tunaijua. Nani hapa hakumwona baba yake akiingia migombani mgambo wakipita na daftari? Sisi Kilimanjaro soko zima lilikuwa linatawanyika mtu akipiga mluzi. Waliita kodi ya maendeleo, na maendeleo yenyewe ndiyo mnayoyajua. Mpaka 2003 ndipo Mkapa akaifuta.

Kutoka: Mzee Kombo, Reading

Bunge ndilo lililofuta. Rais hafuti kodi.

Kutoka: Chande, Coventry

Haya Mzee. Kabla sijasahau: mkutano wetu wa Jumamosi ni half seven, ukumbi uleule wa Coventry.

Kutoka: Hussein, Slough

Half seven ipi, kaka? Nauliza kwa wema. Shemeji yangu amehamia hapa kutoka Hamburg, na Ujerumani "halb sieben" ni saa kumi na mbili u nusu. Alipewa miadi ya mahojiano ya kazi "half eight", akafika saa moja u nusu asubuhi, akasimama mvuani saa nzima akidhani ofisi imefungwa.

Kutoka: Chande, Coventry

Saa moja u nusu jioni, kwa saa yetu. 19:30. Half seven ya Waingereza.

Kutoka: Wambui, Luton

Kwa hiyo tuje saa tatu.

Kutoka: Bi Zuhura, Milton Keynes

Ukumbi unafungwa saa nne. Anayeleta wali aje mapema, tusije tukala kwenye maegesho kama mwaka jana.