Bomba la jiko la kuni: udi, tochi au kulichomelea lote?

Langoni84: Asalamu aleikum. Jiko la kuni limeanza kuzubaa, moto haukolei na jikoni kwanuka moshi. Fundi mmoja ataka achomelee bomba lote liwe kipande kimoja. Mwengine asema nipime viungo kwa udi, wa tatu asema tochi. Niko Amu. Nifuate lipi kabla sijatoa pesa?

FundiBati_MLD: Waaleikum salaam. Hukutaja urefu, upana, bati la geji gani (unene; namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba) wala paa. Na harufu yaja lini: unapowasha au moto ukishakolea?

Mvinje: Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Bomba likishapata moto huvuta, kwa hiyo penye upenyo hewa ya jikoni huingia ndani, moshi hautoki. Hewa hiyo hupoza moshi, mvuto hupungua, na lami ya moshi hugandia ndani ya bomba. Bomba laweza kuvuja vibaya na pua isinuse kitu. Kikinuka moto ukiwa umekolea, angalia kwanza kama juu pameziba, au kama kuna feni ya kutoa hewa inayoshindana na bomba.

Udi ndio kipimo changu. Koleza moto, zima mapangaboi, funga dirisha la upande wa upepo tu. Pitisha kijiti polepole kuzunguka kila kiungo, sentimita 2 kutoka kwenye bati. Moshi wa udi ukipinda ukaingia, tia alama ya chaki. Usisahau shingo ya jiko, pale bomba linapoanzia, na ukingo wa mlango wa jiko.

BiMkomani: Cha kijiti, si chetezo. Makaa ya chetezo yapandisha hewa yake yenyewe, utadanganyika.

FundiBati_MLD: Tochi ni bora. Usiku, jiko likiwa baridi, fungua chini, ingiza taa, zima nyingine zote. Kila tundu la kutu litang'aa.

Mvinje: Tundu ndiyo, kiungo hapana. Mwanga haupindi kona; bomba lililoingia ndani ya jingine kwa sentimita 4 laweza kupitisha hewa na usione hata nukta.

FundiBati_MLD: Basi achomelee, viungo viishe!

Ngomeni_K: Hapo ndipo watu huumia. Kuna jiko la mkahawa hapa Malindi lilifanywa hivyo: mita 3, kipande kimoja, juu limeshikwa na saruji. Chuma cha mita 3 kikipanda joto kwa digrii 200 hurefuka kama milimita 7. Halikuwa na pa kurefukia, shingo ikapasuka. Wakapaka silikoni ya bafuni, ikaungua na kupukutika. Wakazungusha utepe wa alumini, gundi yake ikaachia. Ufa wenyewe ulikuwa nyuma, upande wa ukuta, ambako hakuna aliyepeleka mkono. Viungo viacheni vicheze: skrubu 3 kila kiungo, na saruji ya jiko au gundi ya egzosti ya duka la spea. Sugua kutu na masizi kwanza, la sivyo haishiki.

BiMkomani: Na bomba la juu liingie ndani ya la chini, lami ishuke ndani kurudi kwenye jiko. Langoni, ukiona michirizi myeusi nje chini ya kiungo, aliyefunga aligeuza. Hapo hata udi hauhitajiki.

Langoni84: Michirizi ipo, viungo viwili. Mita 4, inchi 6, mabati ya kawaida geji 26. Harufu ni asubuhi nikiwasha. Kuni ni mkoko. Paa ni makuti.

Ngomeni_K: Makuti! Hilo ungeanza nalo. Bomba lapita umbali gani na makuti? Bomba la ukuta mmoja, yaani bati moja tu, lataka sentimita 45 kutoka kitu chochote kinachoshika moto.

FundiBati_MLD: Geji 26 kwa jiko ni karatasi. Karibu na shingo, zinki ya mabati huungua na mvuke wake si wa kuvuta. Mita ya kwanza iwe chuma cheusi geji 18.

Mvinje: Mkoko mkavu au mbichi? Mbichi watia lami hata bomba likiwa jipya.

BiMkomani: Mkoko hauna makosa, ukauke tu. Kuni za mvinje ndizo zarusha cheche.

Mvinje: Mvinje mkavu haurushi chochote, Bi.

Langoni84: Bomba lapita makuti kwa shubiri moja hivi. Nikitia wavu wa kuzuia cheche kwenye kofia ya bomba?

Ngomeni_K: Wavu wa matundu ya milimita 12, si madogo kuliko 9, masizi yataziba. Lakini wavu hauondoi hiyo shubiri. Usiwashe mpaka paa likatwe.

FundiBati_MLD: Au atoe bomba ukutani, aepuke paa kabisa.

Mvinje: Aongeze kona mbili, mvuto upungue tena?