Kampuni mama ikifilisika, wenye gitaa za bei nafuu tunaachiwa jina tu

Wakuu, leo sibembelezi mtu. Kampuni mama ya gitaa ikianguka, wanunuzi wanagombania jina la chapa. Michoro, orodha ya vipuri na waranti ya “maisha yote” vinatelekezwa, maana anayenunua mali za kampuni iliyofilisika mara nyingi habebi ahadi ambazo kampuni hiyo iliwapa wateja.

Na msituambie kwamba gitaa za bei nafuu ndizo zinazoua kampuni. Gibson, kampuni ya gitaa ya Marekani, ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai Mei 2018, ikiwa imeelemewa na madeni ya biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani, ikiwemo ile ya Philips iliyokubali kuinunua mwaka 2014 kwa dola milioni 135. Epiphone, chapa yake ya bei nafuu, ina kosa gani hapo? Mwaka 1985 shirika la utangazaji la CBS lilipoiuza Fender, kampuni nyingine ya gitaa ya Marekani, kwa dola milioni 12.5, kiwanda chake cha Fullerton hakikuwemo kwenye mauzo. Kampuni ikajikongoja kwa gitaa zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha FujiGen, Japani, zikiwemo Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender. Mtoto ndiye aliyemlisha mama, halafu siku ya kugawana urithi mtoto hahesabiwi!

Wengine hawakupata hata bahati hiyo. Kiwanda cha gitaa cha Matsumoku, Japani, kilifungwa 1987, na jina la Westone, chapa iliyotengenezwa humo, likahamia Korea. Kampuni ya gitaa ya Kramer ilikufa, na jina lake likaangukia kwa Gibson mwaka 1997. Nembo ni ileile, gitaa ni jingine, na kipuri cha toleo la zamani hakitoki kwa yeyote kati yao.

Sasa ukitafuta kipuri mbadala, balaa lenyewe liko kwenye milimita. Daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini: pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita. Nyingi za Asia ni 52.5 mm, za mtindo wa zamani wa Marekani ni karibu 56. Ukifunga pana kwenye shingo nyembamba, nyuzi za pembeni zinateleza nje ya freti (zile pau za chuma shingoni), na hakuna seti ya nyuzi itakayotibu hilo. Squier Affinity za zamani zina mwili mwembamba, karibu 40 mm, kwa hiyo bloku ya tremolo (kipande cha chuma kinachoning'inia chini ya daraja linalochezeshwa) ya kawaida ya 42 mm inachomoza mgongoni.

Volyumu, yaani kifaa cha sauti kilicho chini ya kitufe: ya Kimarekani inataka tundu la 9.5 mm, wakati gitaa nyingi za Asia zimetobolewa kati ya 7 na 8. Panua kwa tupa ya mviringo, taratibu. Keekee kubwa inapasua plastiki. Kitufe nacho kina meno 18 upande wa Asia na 24 upande wa Marekani. Ukikisukuma kwa nguvu kinapasuka, kwa hiyo nunua volyumu na kitufe chake pamoja.

Chuma cha ndani ya shingo, kile kinachokazwa kwa alenki kunyoosha shingo, ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hakuna anayeandika saizi yake. Alenki ya inchi 3/16 ni 4.76 mm, ndani ya tundu la 5 mm inaingia, inacheza, inakula kona. Kona zikishaisha, shingo hiyo ni kuni. Legeza nyuzi kwanza, hakikisha alenki imekaa bila kucheza, zungusha robo mzunguko tu, kaza nyuzi, pima tena.

Halafu acheni kuamini nembo ya kichwani, someni namba ya nyuma. ICS kwenye Squier maana yake imetengenezwa na kampuni ya Cort, Indonesia, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Kiwanda na mwaka ndivyo vitakavyokupa kipuri kinachokaa.

Jedwali la vipimo kwa kila toleo ni ukurasa mmoja tu, na hata huo wanatunyima wakati kampuni bado hai. Wenye kalipa (kipimo cha milimita) na Epiphone au Washburn za Korea, pimeni umbali kati ya nguzo za daraja, uzi wa skrubu zake na saizi ya alenki, kisha mwageni hapa pamoja na namba ya mfululizo. Picha bila vipimo msilete.