Tupeane uzoefu: kuhariri faili kwenye mstari wa amri

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, kwa wanaosimamia seva zisizo na madirisha wala kipanya, naomba kila mmoja aeleze kihariri anachokitumia na sababu iliyomfanya akiamini.

Mimi natumia Vim, na imani yangu ilianza siku mtandao ulipokatika nikiwa katikati ya kuhariri faili refu la mipangilio kwenye seva ya mbali, kabla sijalihifadhi. Nilipoingia tena nilikuta kando yake faili lililofichwa, ambalo jina lake huishia na .swp, nikaandika vim -r pamoja na jina la faili nililokuwa nikilihariri, na karibu kila mstari ukarejea. Kwa kawaida Vim huandika akiba hiyo kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4, hivyo kinachopotea ni kidogo mno. Ukishahakiki maandishi na kuyahifadhi, lifute faili la .swp, maana lisipofutwa utapokea onyo lilelile kila ufunguapo.

Mkufunzi
Ahsante, mkuu. Wanafunzi wangu ninawaanzishia nano kwa sababu amri zake zimeandikwa chini ya skrini, alama ya ^ ikisimama badala ya kitufe cha Ctrl: ^O huhifadhi, ^W hutafuta, ^X hutoka. Ninalolisisitiza ni kwamba ukiandika nano ripoti.txt ilhali faili hilo halipo, bado hujaunda chochote kwenye diski mpaka uhifadhi. Muunganisho ukikatika, nano nayo hujaribu kuiokoa kazi katika faili lenye jina lilelile lililoongezewa .save.

Msimamizi wa mifumo
Hata hivyo tusiwaache bila vi, ambayo Bill Joy alianza kuiandika mwaka 1976 na ambayo hadi leo hupatikana hata kwenye mifumo midogo isiyo na nano. Nilipoitwa kurekebisha kifaa kilichokwama wakati wa kuwaka, hiyo ndiyo pekee iliyokuwamo: i kuandika, Esc kurudi kwenye hali ya amri, :wq kuhifadhi na kutoka, :q! kutoka bila kuhifadhi.

Mwanzisha mada
Na faili la sudoers, lile linaloorodhesha wanaoruhusiwa kutumia sudo (amri ya kutenda kwa mamlaka ya msimamizi mkuu), je, mkuu?

Msimamizi wa mifumo
Hilo usilifungue moja kwa moja. Tumia visudo, ambayo hukagua mpangilio wa maandishi kabla ya kuyakubali, kwa kuwa kosa moja tu laweza kukunyima mamlaka ya sudo yenyewe. Ikikuta kosa na kukuuliza la kufanya, bonyeza e urudi kulisahihisha.