Mjadala: VJ akiinogesha filamu dhaifu ya familia, anatusaidia au anatuficha?

MTOA MADA (Kampala)

Wakuu, hili limewagawa watu, hasa sisi wazazi. Filamu ni My Spy: The Eternal City, iliyotoka Prime Video Julai 2024, sehemu ya pili ya My Spy ya 2020. Nyota wake ni Dave Bautista, yule wapenzi wa mieleka wanayemjua kama Batista. Wanaoitetea wanasema imepoa kidogo, lakini VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti yake, akishaingia inachangamka, watoto wanacheka, basi imetosha. Mimi nasema haijatosha.

Aliyeiona ya kwanza anajua utamu wake ulikuwa wapi. JJ, jasusi wa CIA, anajificha kwenye jengo moja la Chicago kumchunguza mama na binti yake Sophie, wa miaka 9. Mtoto anazigundua kamera, anamfumania JJ, na tangu hapo yeye ndiye aliyeshika mpini: nifundishe ujasusi, la sivyo nakuanika. Jibaba lile lenye misuli linapelekwa kuteleza kwenye barafu, linapelekwa shuleni, na halina la kufanya. Mtoto anacheka kwa sababu leo mdogo ndiye mwenye amri. Mzazi anacheka kwa sababu nyumbani kwake mambo ndivyo yalivyo. Haikuwa filamu kubwa, lakini ilijua inamhusu nani.

Ya pili inaanza vizuri. Sophie ana miaka 14, JJ ameacha kazi za hatari na kukaa ofisini, na anaisindikiza kwaya ya shule hadi Italia. Mlezi anaogopa kumwachia binti, binti anataka kupumua. Hapo palikuwa na filamu nzima! Lakini Collin, kijana wa bosi wake JJ, anatekwa, yanaingia mabomu ya nyuklia, inaingia Vatikani, na Sophie anabaki kukimbia nyuma ya matukio. Hana tena cha kumbana nacho JJ. Risasi zimeongezeka, na umeongezeka utani ambao hutaki kuusikia ukiwa umekaa sebuleni na watoto.

Sasa VJ. Kazi yake naiheshimu sana. Vibanda vya kuonyeshea filamu Kampala vimejengwa na sauti hizo, na wazee wasiojua Kiingereza wameifahamu Hollywood kupitia kwao. VJ mzuri anawapa wahusika majina ya mtaani, ukacheka kabla hujajua kinachoendelea. Ila VJ anajaza ukimya. Katika ya kwanza ukimya ulikuwa na kazi: yule mtoto akimtazama JJ bila kusema neno, unamwona JJ akilegea. Katika ya pili ukimya ni mtupu, kwa hiyo VJ anamwaga maneno yake humo, nasi tunatoka tukiisifu filamu kumbe tuliyemfurahia ni yeye. Na studio ikiona hivyo itaandaa nyingine ya namna hiyo.

Swali langu: VJ akipewa filamu kama hii, aipambe au aiache ilivyo?

MCHANGIAJI WA WAKISO

Mkuu, ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Hapa Uganda VJ si pambo. Filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji wetu Nabwana, ya mwaka 2010, iliyotengenezwa pale Wakaliga, mtaa wa Kampala, dunia inaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie. Itoe sauti hiyo uone kitakachobaki. Iweje ya Wakaliga ipambwe, ya Hollywood ikatazwe? Mwanangu hajui aliyeongoza ni Peter Segal. Anajua amecheka, na amelala akiwa na furaha.

MCHANGIAJI WA ARUA

Huku kwetu VJ wengi wanatupita kwa sababu ni Luganda tupu. Sisi tuliitazama kavu, bila VJ. Watoto walitulia wakati wa mapigano. Yalipoanza maelezo ya mabomu wakatoka nje kucheza, mmoja mmoja. Hakuna aliyewafukuza. Lakini sikubali VJ aiache ilivyo. Atutafsirie kwa Kiswahili, kama DJ Afro anavyowafanyia Wakenya. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na vibandani bado hatujakisikia.

MCHANGIAJI WA BUSIA

Nina binti wa umri wa huyo Sophie. Hataki nimshike mkono sokoni, anajibu kwa mkato, ana siri zake. Mnataka abaki wa miaka 9 ili mcheke? Mimi nilimwona mwanangu mle ndani, na nilifurahi.

MTOA MADA

Dada wa Busia, umesema jambo la kweli, na filamu hiyo unayoieleza ndiyo niliyoitaka. Binti anayejitenga na mlezi asiyejua kumwachia: wameligusa mwanzoni kisha wakalikimbia kwenda kwenye mabomu. Sidai Sophie abaki mdogo. Nadai awe na uamuzi wake ndani ya hadithi, kwa umri wowote. Akiwa wa miaka 14 angeweza hata kumkatalia JJ, na hilo lingemuuma kuliko ngumi zote za Italia.

Ndugu wa Wakiso, Captain Alex na VJ Emmie wanatoka mtaa mmoja, na kasi yao ni moja. Emmie anaongea na filamu. Katika hii ya JJ, VJ anaongea badala ya filamu, kwa sababu yenyewe imeishiwa. Na mtoto wako kucheka ni jambo jema, silipuuzi. Ila ukimpa hiyo ya kwanza, iliyotafsiriwa kwa utulivu, nadhani atacheka na kesho yake atakuuliza habari za Sophie.

Wa Arua, hao watoto waliotoka nje mmoja mmoja wamenisaidia kuliko maneno yangu yote. Filamu iliachwa kavu, nao wakatoa hukumu wenyewe. Ndiyo maana nasema itafsiriwe, kwa Luganda na kwa Kiswahili, ila isijazwe. Ikichosha, ichoshe. Mwenye kibanda akiona viti vinabaki vitupu ataomba nyingine, na hata anayejaza filamu kwenye flashi za watu dukani ataanza kuchagua.

Kama kuna VJ humu ndani, namwomba aje atueleze mwenyewe: ukifika mahali filamu haina kitu, huwa unafanya nini, na nani anakwambia ufanye hivyo?