Mwanafunzi anasema kuna Na3Cl. Nimjibu nini?

Mwalimu_Kahama:
Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha kemia kidato cha pili. Leo nimeandika ubaoni kwamba sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaipokea, tunapata NaCl, yaani chumvi ya mezani, basi. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kaka yangu anasema kuna Na3Cl, tena na NaCl3." Wenzake wakamcheka. Yeye hakutetereka. Nimemwahidi jibu kesho. Kuna mwenye uhakika?

Chumvi_ya_Mawe:
Mwalimu, valensi (idadi ya elektroni ambazo atomi inatoa au inapokea) ya sodiamu ni moja, ya klorini ni moja. Huyo kaka kakosea kuandika fomula. Mrudishe binti kwenye kitabu.

Almasi_Mbili:
Tafadhali usimrudishe! Binti yuko sahihi. Kampaundi zote mbili zimeshatengenezwa, na habari zake zilitoka kwenye jarida la Science Desemba 2013. Artem Oganov na kundi lake walipiga hesabu kwa kompyuta, wakaona kwamba mgandamizo ukipanda vya kutosha kampaundi hizo zinakuwa imara. Alexander Goncharov na wenzake wa taasisi ya Carnegie, Washington, wakazitengeneza kweli.

Nilisoma uzamili Ujerumani kwenye maabara inayobana vitu namna hiyo, kwa hiyo naieleza kwa mapenzi. Unachukua almasi mbili zenye ncha bapa, ndogo mno, unazitazamanisha. Katikati unaweka kibati cha reniamu, metali ngumu, chenye kitundu. Humo unatia sampuli kwa sindano, jicho likiwa kwenye hadubini na pumzi umeizuia, pamoja na punje ya rubi. Kisha unakaza skrubu kwa mkono. Nguvu yenyewe si kubwa. Eneo ndilo dogo, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyoacha shimo pale ambapo soli pana haiachi alama. Ukiimulika rubi kwa leza inang'aa nyekundu, na rangi hiyo inasogea kadiri mgandamizo unavyopanda, ndipo unapojua umefika wapi. Almasi inapitisha mwanga, kwa hiyo leza nyingine unaipitisha humo humo kupasha sampuli moto. Almasi ikipasuka unaisikia, na unaanza upya.

Kupata Na3Cl waliweka chumvi na sodiamu ya ziada. Kupata NaCl3, chumvi na klorini ya ziada. Mgandamizo ulikuwa gigapaskali 60 hivi, karibu mara 600,000 ya ule wa hewa yetu. Hapo nafasi inakuwa ghali: mpangilio wa atomi unaobana zaidi ndio unaoshinda, hata kama hauifuati kanuni ya elektroni nane, ile inayosema atomi hutafuta kuwa na elektroni nane upande wa nje. Ndani ya Na3Cl kuna tabaka la chumvi, tabaka la sodiamu, tena la chumvi, na umeme unapita kwenye yale ya sodiamu. Chumvi inayopitisha umeme ikiwa yabisi, mwalimu!

Mwalimu_Kahama:
Nimesisimka kweli. Je, ukifungua skrubu inabaki?

Chumvi_ya_Mawe:
Na kama haibaki, inamsaidia nani?

Almasi_Mbili:
Haibaki. Ukilegeza, zinavunjika na kurudi kwenye vitu tulivyovizoea. Lakini ndugu yangu, angalia kilichopatikana kwa njia hii hii. Mwaka 2015 kundi la Mikhail Eremets, Mainz, Ujerumani, lilibana hidrojeni na salfa hadi gigapaskali 150 hivi. Ikatokea H3S, inayopitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, joto lililokuwa juu kuliko la kitu chochote kilichojulikana kufanya hivyo kabla yake. Mwaka 2017 ikatangazwa Na2He. Heliamu, ambayo tumefundishwa kwamba haigusani na mtu, imo ndani ya kampaundi iliyo imara kuanzia gigapaskali 113! Haitoi elektroni wala haipokei, inakaa tu kwenye vyumba vya fuwele, na kwenye vyumba vitupu wanakaa jozi za elektroni.

Kitovu cha dunia kina gigapaskali 360 hivi. Sehemu kubwa ya sayari hii imebanwa kuliko chochote tunachokishika mkononi, na ndani ya Jupita ni zaidi. Ndiyo maana naona vibaya tukiwaambia watoto "haiwezekani".

Mwalimu, kwenye mtihani jibu libaki NaCl. Ongeza tu kwenye swali maneno "katika mgandamizo wa kawaida wa hewa". Na kesho mpe binti chaki aandike fomula zake mwenyewe, wale waliocheka wazinakili.